Kimya cha mtandao si jibu: Programu inavyoweza kulipa mamia ya wakulima bila kumlipa yeyote mara mbili

MKULIMA wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kenya, awe wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu au wa Nkubu katika Kaunti ya Meru, hupimiwa jasho lake kwa kilo anapowasilisha matunda kiwandani. Siku ya malipo, jasho hilo hupimwa tena kwa mlio wa simu. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, karo hulipwa na deni la dukani hufutwa. Usipoingia, safari ya kwenda kuulizia katika ofisi ya chama cha ushirika huanza.

Kati ya mizani ya kiwanda na mlio huo wa simu mna tarakilishi juu ya meza ya karani, na ndani yake programu inayotakiwa kutuma mamia ya maombi ya malipo kupitia intaneti. Namna programu hiyo inavyotuma maombi, inavyosubiri majibu na, zaidi ya yote, inavyoamua la kufanya jibu lisipokuja, ndiyo mada ya makala haya. Ni mada inayodhaniwa kuwa ya mafundi peke yao, ilhali gharama ya makosa yake humwangukia mwanachama.

Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kukuza kahawa katika miaka ya 1930. Kwa miongo mingi baada ya hapo, mkulima alipokea haki yake kwa fedha taslimu au kupitia akaunti ya benki na ya chama cha akiba na mikopo. Mnamo Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilizindua M-Pesa, na simu ikageuka kuwa mkoba. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2017, kampuni hiyo ilifungua lango liitwalo Daraja, ambalo huwezesha programu ya shirika lililoidhinishwa kuzungumza moja kwa moja na mfumo wa M-Pesa. Tangu wakati huo, ofisi ndogo iliyo kando ya barabara ya Embu kwenda Meru ina uwezo wa kutuma malipo kwa wanachama wake wote kwa kubofya kitufe kimoja.

Uwezo huo ni neema, lakini una masharti yake.

Foleni ya karani mmoja

Njia rahisi kabisa ya kuandika programu ya malipo ni kuiagiza itume ombi la kwanza, isubiri jibu, itume la pili, isubiri tena, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha. Huo ni mfano wa foleni mbele ya karani mmoja. Chukulia chama chenye wanachama 900, na kwamba kila ombi huchukua sekunde 4 kwenda na kurudi. Kazi yote itachukua sekunde 3,600, yaani saa nzima.

Saa moja si muda mrefu kwa mtu aliyesubiri malipo tangu msimu wa mavuno. Hata hivyo, kuna balaa iliyojificha ndani ya saa hiyo. Programu yenye madirisha na vitufe huwa na mtendakazi mmoja mkuu, ambaye mafundi humwita uzi mkuu. Kazi yake ni kuchora dirisha kwenye kioo na kusikiliza kipanya na kibodi. Mtendakazi huyo akitumwa kusubiri majibu kutoka kwenye intaneti, hakuna anayebaki kulihudumia dirisha. Vitufe havibonyezeki, na dirisha huganda kama picha ukutani. Katika tarakilishi zinazotumia Windows, takriban sekunde 5 za ganzi hiyo zinatosha mfumo kutangaza kwamba programu haijibu.

Karani asiyejua kwamba kazi ingali inaendelea huifunga programu kwa nguvu. Iwapo ilikuwa imefika kwa mwanachama wa 417, na haikuwa ikiandika hatua zake popote, hakuna ajuaye nani amelipwa na nani bado. Akianza upya kutoka juu ya orodha, wanachama 416 huenda wakalipwa mara mbili. Akianzia katikati kwa kukisia, wengine wataachwa bila senti.

Mfano wa mhudumu wa hoteli

Dawa ya tatizo hilo ni kutuma maombi yasiyosubiriana. Mhudumu wa hoteli yenye shughuli nyingi mjini Embu saa saba mchana hasimami jikoni akingoja sahani ya mteja wa kwanza ndipo amwendee wa pili. Huchukua agizo la githeri kwenye meza hii na la chapati na maharagwe kwenye meza ile, akayafikisha jikoni, kisha akaendelea kuwakaribisha wateja wengine. Chakula kikiwa tayari, jikoni humwita.

Programu iliyoandikwa vyema hufanya vivyo hivyo. Uzi mkuu hubaki mlangoni ukimhudumia karani, huku maombi yakiwa safarini. Jibu linaporejea, programu huarifiwa, hulishughulikia, kisha huendelea. Zamani uandishi wa namna hii ulikuwa mgumu, kwa kuwa mwandishi alilazimika kuvunja kazi moja katika vipande vingi vilivyotawanyika na kuviunganisha mwenyewe. Mambo yalirahisika lugha za programu zilipopata maneno maalumu ya kusema "ngoja hapa bila kuuzuia uzi mkuu": C# mwaka wa 2012, Python mwaka wa 2015 na JavaScript mwaka wa 2017. Leo hakuna sababu ya kutosha ya kumpa karani dirisha linaloganda.

Faida yake huonekana kwa hesabu. Tukirudi kwa wanachama wetu 900, iwapo maombi 10 yatakuwa safarini kwa wakati mmoja, saa ile moja itapungua hadi dakika 6. Wakati huo wote, dirisha litakuwa likimwonyesha karani kwamba malipo 612 kati ya 900 yamepata majibu, naye hatakuwa na sababu ya kuizima programu kwa hofu.

Kipimo cha mlango

Msomaji huenda akauliza: ikiwa maombi 10 kwa pamoja ni bora kuliko moja, mbona yote 900 yasitumwe kwa mpigo? Jibu ni kwamba kila mlango una upana wake. Seva inayopokea huwa na kiwango cha maombi inayokubali kutoka kwa mteja mmoja katika muda fulani. Kiwango hicho kikipitwa, hurejesha msimbo wa 429, ambao maana yake ni kuwa umetuma maombi mengi mno, punguza mwendo. Laini ya intaneti ya ofisi ya mashambani nayo huweza kulemewa, na maombi yaliyotumwa pamoja yakasongana hadi yote yakachelewa.

Kuna mpaka mwingine ambao huwashangaza hata waandishi wazoefu. Kanuni za mawasiliano ya wavuti zilizochapishwa mwaka wa 1999 zilipendekeza kwamba mteja mmoja asifungue zaidi ya njia 2 kwa wakati mmoja kuelekea seva moja. Kanuni mpya za mwaka wa 2014 ziliondoa idadi hiyo, lakini programu za mezani zilizojengwa juu ya msingi wa zamani wa .NET Framework bado huanza na kikomo hicho cha njia 2 hadi mwandishi akibadilishe. Hivyo mwandishi anaweza kudhani kwamba maombi yake 40 yako safarini, kumbe 2 tu ndiyo yanayosafiri na 38 yamepanga foleni ndani ya tarakilishi yenyewe, huku muda wao wa kusubiri ukiyoyoma kabla hata hayajatoka mlangoni.

Kwa hiyo, njia ya busara ni kuwa na foleni moja na idadi maalumu ya maombi yanayoruhusiwa kuwa nje kwa wakati mmoja. Moja likirejea, jingine huondoka. Idadi hiyo iwekwe pale ambapo fundi anaweza kuibadilisha bila kuiandika programu upya.

Kupokelewa si kulipwa

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Katika Daraja, ombi la shirika kumlipa mtu binafsi huzaa majibu mawili, na majibu hayo hayana uzito sawa. Jibu la kwanza huja papo hapo. Hilo husema tu kwamba ombi limepokelewa na kuingizwa katika foleni, na huja na namba za utambulisho wa ombi hilo. Jibu la pili huja baadaye, baada ya sekunde chache au zaidi, na halipitii njia iliyotumiwa na ombi. Hutumwa kwenye anwani ambayo shirika lilitaja wakati wa kutuma. Hilo la pili ndilo lenye hukumu: malipo yamefanyika na stakabadhi ni hii, au yamekataliwa kwa sababu fulani.

Programu inayolichukua jibu la kwanza kuwa malipo itamwonyesha mhazini orodha nzuri ya wanachama 900 waliolipwa, ilhali baadhi yao hawajapata kitu. Chukulia kwamba fedha katika akaunti ya chama zilitosha watu 850 pekee. Maombi yote 900 yanaweza kupokelewa vizuri, kisha 50 ya mwisho yakakataliwa kwa ukosefu wa fedha. Ofisi iliyolala ikiamini jibu la kwanza itaamka kesho yake na kupata watu 50 mlangoni, kila mmoja akiwa na simu isiyolia, naye karani akiwaambia kwa dhati kwamba walilipwa jana.

Hali ni hiyo hiyo pale fedha zinapoelekea upande wa pili. Duka la pembejeo mjini Maua linaweza kutuma ombi kwenye simu ya mnunuzi ili aweke namba yake ya siri na kulipia mbolea. Kwamba ombi limetumwa hakumaanishi mnunuzi amelipa. Jibu la baadaye lenye msimbo wa 0 humaanisha amelipa. Msimbo wa 1032 humaanisha ombi limefutwa, kwa kawaida na mnunuzi mwenyewe, na wa 1037 humaanisha simu yake haikufikika au haikujibu kwa wakati. Mwenye duka anayekabidhi mfuko wa mbolea kwa jibu la kwanza ameuza kwa mkopo bila kujua.

Kila ombi na namba yake

Maombi yasiyosubiriana hayarejei kwa mpangilio yaliyoondokea. La tatu huweza kutangulia la kwanza, na la mwisho likapata jibu wakati la kumi lingali kimya. Basi programu itajuaje jibu hili ni la nani?

Jina halitoshi, kwa maana akina Njeru wa Embu na akina Mwenda wa Meru ni wengi. Kiasi cha fedha hakitoshi, kwa kuwa wakulima wawili waweza kuwasilisha kilo sawa. Hata namba ya simu haitoshi, kwani mtu mmoja huweza kulipwa mara mbili kwa haki, mathalani malipo ya msimu na marekebisho ya kilo zilizosahauliwa. Kinachotosha ni namba ya kipekee ambayo programu huliundia kila ombi na ambayo haitumiki tena kwa ombi jingine lolote.

Namba hiyo, pamoja na jina, simu na kiasi, yafaa iandikwe kwenye hifadhi ya kudumu kabla ombi halijatumwa. Mpangilio huo ni muhimu. Ukituma kwanza kisha uandike, na umeme ukakatika katikati ya mambo hayo mawili, fedha zitakuwa zimeondoka bila alama yoyote ofisini. Ukiandika kwanza kisha utume, baya liwezalo kutokea ni kuwa na maandishi ya ombi ambalo hujui kama liliondoka, na hilo lina njia ya kuchunguzwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na tarakilishi.

Daftari hilo la programu liwe na hali zinazoeleweka: ombi limeandaliwa, limetumwa, limepokelewa, limelipwa, limekataliwa, au halijulikani lilipo. Hali hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayowaponza wengi.

Maana tatu za kimya

Ombi likitumwa na jibu lisije, huenda moja kati ya mambo matatu limetokea. Labda ombi lilipotea njiani na halikufika. Labda lilifika na lingali kwenye foleni. Labda lilifika, mkulima akalipwa, lakini jibu ndilo lililopotea likirudi. Mtu aliyeketi mezani pa karani hana namna ya kuyatofautisha mambo hayo matatu kwa kutazama tu, kwa kuwa yote yana sura moja, nayo ni kimya.

Kimya hicho si lazima kiwe kosa la mtu wa karibu. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika katika pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Ofisi ambayo haijawahi kusikia majina ya nyaya hizo ilijikuta ikitumia intaneti ya kusuasua.

Kosa kubwa ni kukichukua kimya kuwa kukataliwa na kutuma ombi upya kwa namba mpya. Iwapo ukweli ulikuwa ule wa tatu, mkulima atalipwa mara mbili, na fedha zilizoongezeka ni za mwanachama mwenzake. Kuzirudisha si rahisi, kwa sababu aliyezipokea huenda amekwisha kuzitoa kwa wakala na kuzitumia kwa nia njema.

Utaratibu salama ni kuuliza kabla ya kurudia. Daraja lina huduma ya kuulizia hali ya malipo kwa kutumia namba za utambulisho. Yafaa ikumbukwe kwamba jibu la swali hilo nalo huja baadaye kwenye anwani iliyotajwa, hivyo swali lenyewe ni ombi jingine lisilosubiriwa na linastahili mstari wake daftarini. Ni pale tu mfumo unapothibitisha kwamba malipo hayakufanyika ndipo ombi hutumwa tena. Ombi ambalo hali yake haijathibitishwa hubaki katika orodha ya yasiyojulikana hadi mtu mwenye mamlaka alitazame na kulilinganisha na taarifa ya akaunti.

Kurudia nako kuna adabu yake. Programu isigonge mlango kila sekunde. Isubiri sekunde 2, kisha 4, kisha 8, ikiongeza muda kila mara na kuuchanganya kidogo, ili ofisi nyingi zilizokatikiwa umeme kwa pamoja zisirejee zote kwa sekunde ile ile na kuiangusha seva iliyokuwa inainuka.

Vivyo hivyo kuhusu kitufe cha kusitisha. Karani akikibofya, programu iache kutuma maombi yaliyobaki kwenye foleni, lakini ieleze waziwazi kwamba yaliyokwisha kuondoka hayawezi kuitwa nyuma na kwamba majibu yake bado yanangojewa.

Sanduku la kupokelea majibu

Tumesema kwamba jibu la pili hutumwa kwenye anwani. Tarakilishi ya ofisini, iliyo nyuma ya kifaa cha intaneti cha bei nafuu, kwa kawaida haina anwani inayofikika kutoka nje, na usiku huzimwa. Kuitaja kuwa mpokeaji wa majibu ni sawa na kumwambia tarishi alete barua kwenye nyumba isiyo na mlango.

Kwa miaka mingi familia za vijijini zilipokea barua kupitia sanduku la posta la shule au la kanisa, mtoto akatumwa kuuliza kama kuna chochote. Hapa pia suluhisho ni hilo. Seva ndogo iliyo macho saa zote hupokea majibu na kuyahifadhi, nayo programu ya ofisini huiuliza kila baada ya muda ikitaja namba za maombi yake. Umeme ukikatika Siakago mchana kutwa, majibu hayapotei. Yatasomwa programu itakapofunguliwa.

Seva hiyo itakuwa na majina, simu na mapato ya wanachama, mambo yanayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Kwa hiyo mlango wake uwe na kufuli, na iwe na njia ya kuthibitisha kwamba anayeleta jibu ni M-Pesa kweli, wala si mjanja anayetaka ombi lake lihesabiwe kuwa limelipiwa.

Maswali ya kamati

Wajumbe wa kamati ya usimamizi hawahitaji kujua kuandika programu ili waisimamie. Wanahitaji maswali machache ya kumuuliza fundi kabla ya kumlipa. Je, umeme ukikatika katikati ya malipo, programu itajua ilikoachia? Je, inatofautisha kupokelewa na kulipwa? Je, jibu lisipokuja, inauliza au inarudia? Je, kila malipo yana namba ambayo mkaguzi wa hesabu anaweza kuifuata hadi kwenye stakabadhi ya M-Pesa?

Jaribio nalo ni rahisi. Siku ya majaribio, malipo ya kiasi kidogo yakiwa yanaendelea kwa watu kumi waliokubali, chomoa waya wa intaneti, subiri kidogo, kisha uurudishe. Programu njema itaonyesha ni maombi yapi yamelipwa, yapi hayajaondoka na yapi hayajulikani, kisha itaulizia hayo ya mwisho yenyewe. Programu mbaya itaganda, au itatangaza kwamba yote yamefaulu, au itaanza upya kutoka kwa mtu wa kwanza. Afadhali hilo lijulikane siku hiyo kwa shilingi kumi kumi kuliko lijulikane siku ya malipo ya msimu mzima.

Mkulima naye ana sehemu yake. Simu isipolia, aombe namba ya ombi lake na hali yake kama ilivyo daftarini. Ofisi iliyojipanga itamjibu katika dakika moja, hata kama jibu lenyewe ni kwamba malipo yake bado yanachunguzwa.